Jeraha Dogo la Paka na Siku za Kurudi Hospitali

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya paka. Wala si habari ya uzuri wake au ujanja wake, mambo ambayo kila mtoto ayajua, bali habari ya jeraha analomtia mtu, na ya siku zinazolifuata jeraha hilo. Twasema siku zinazolifuata, kwa kuwa hatari ya jambo hili haimo sana katika siku ya kwanza. Siku ya kwanza mtu huona damu, huosha mkono, na pengine huenda hospitali. Hatari imo katika siku ya tatu, na ya saba, na katika juma la tatu, ambapo jeraha limekwisha fungika, kazi za shamba zimemwita, na yeye mwenyewe amekwisha sahau.

Tumechagua kusema habari hizi kwa kuitazama Ilongero, katika Wilaya ya Singida, kwa sababu huko paka ana kazi yake. Ilongero iko kaskazini ya mji wa Singida, katika njia iendayo Haydom, na ni nchi ya Wanyaturu, wakulima wa uwele, mtama na alizeti, wafugaji wa ng'ombe na kuku. Baada ya mavuno nafaka huwekwa ndani, na penye nafaka panya huja bila kuitwa. Kwa hiyo paka hafugwi kwa mapambo. Hulala ghalani, huzaa nyuma ya magunia, hutembea usiku apendako, hupigana na paka wa jirani na hata na paka-mwitu, na asubuhi hurudi jikoni kuota moto. Wengine hawana mwenyewe hasa. Hula kwa huyu na kulala kwa yule. Hatutaki mtu ye yote, akiisha kusoma maneno haya, aende kuwaua. Mwenye kuua paka wake kwa hofu atawalisha panya mwaka mzima, na panya nao wana maradhi yao, kama tutakavyoona mbele.

Natuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, bali ni jambo liwezalo kutokea katika nyumba yo yote. Mama amtuma mtoto wake wa miaka minane kuchota uwele ghalani. Giza limeanza kuingia. Mtoto atia mkono nyuma ya gunia, na paka asiyejulikana amrukia, amwuma kidole cha shahada, amkwaruza kiganja, kisha atoka mbio gizani. Mtoto apiga kelele. Mama aja na taa, aangalia, aona vitundu viwili kama vya sindano na mistari mitatu myekundu. Damu ni matone tu. "Nyamaza, mwanangu," asema, "ni paka tu."

Maneno hayo, "ni paka tu," ndiyo yaliyotuleta hapa. Mbwa akiuma, nyama huchanika, majirani hukusanyika, na hakuna asiyejua ya kuwa mgonjwa yapasa apelekwe hospitali. Jeraha la paka halitishi mtu. Lakini meno ya paka ni membamba na makali. Huingia ndani hata kufika penye kano na viungo vya kidole, kisha ngozi hujifunga juu yake kama mlango, na mate pamoja na vijidudu vyake hubaki ndani. Waganga waliohesabu majeraha ya namna hii wameona ya kuwa katika kila watu mia walioumwa na paka, kati ya thelathini na hamsini hupata jeraha lenye kuoza. Majeraha ya mbwa, pamoja na ukubwa wake, hayafikii hesabu hiyo.

Basi mama huyu afanyeje? Kwanza, kabla ya safari na kabla ya kumwita mtu, aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kwa muda wa dakika kumi na tano. Twajua ya kuwa Singida ni nchi kavu, na ya kuwa ndoo ya maji huko yaweza kuwa imechukuliwa mbali kichwani. Hata hivyo ndoo hii haipotei bure. Mmoja amimine kwa kopo polepole, mwingine asugue kwa povu, na maji yaendelee kupita juu ya jeraha, si mkono kutumbukizwa katika bakuli moja la maji machafu. Dakika kumi na tano ni nyingi kuliko watu wadhanivyo. Aoshaye kwa kukisia huacha baada ya dakika mbili na kujiona amemaliza. Sabuni hapa si ya usafi tu. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa ganda lenye mafuta, na sabuni huliharibu ganda hilo, kama iondoavyo mafuta katika sufuria. Baada ya kuosha, ikiwa nyumbani pana dawa ya ayodini au spiriti, ipakwe. Majivu, mafuta ya taa, pilipili, samadi, majani yaliyotafunwa, jiwe jeusi la kunyonyea sumu ya nyoka, vyote hivyo visitiwe. Wala jeraha lisifungwe kwa kukazwa, wala lisichomwe moto.

Kisha aende hospitali, usiku huo ikiwezekana, au asubuhi na mapema. Akifika aseme mambo manne bila kungoja kuulizwa: paka alikuwa wa nani, aliuma kwa kuchokozwa au alirukia tu, mtoto amepata chanjo zipi, na saa ya tukio. Watu wengi hufika na kusema, "Ana kidonda," wakaona haya kumtaja paka, na mganga akatoa kitambaa cha kufungia na vidonge vya maumivu. Hatuwezi kumlaumu mganga kwa asichoambiwa.

Sasa tuje kwenye lile kubwa, yaani kichaa cha mbwa. Jina lenyewe limewapoteza watu. Ni kweli ya kuwa karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, tisini na tisa katika kila mia, waliupata kwa mbwa. Lakini ugonjwa haujui jina lake. Mbwa mgonjwa humwuma paka, na paka huyo, siku zake zikifika, huwa mkali sana. Hubadilika sauti, hutokwa na mate, hujificha mahali pa giza, na kumrukia apitaye bila sababu. Mara nyingine ni paka mpole wa nyumbani aliyezoea kulala miguuni pa watoto. Kirusi kimo katika mate. Kikiingia katika jeraha hakifuati damu, bali hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja tu, na yaweza kupita mwaka. Muda wote huo mtu ni mzima, ala, acheza, aenda shule. Kisha mahali palipoumwa huanza kuwasha au kufa ganzi, homa huja, koo hukataa maji, na kuanzia hapo hakuna dawa inayotegemewa. Waliopona baada ya dalili kutokea ni wachache mno duniani kote.

Shirika la Afya Duniani hukisia vifo 59,000 kila mwaka, vingi katika Asia na Afrika, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka kumi na mitano. Katika Tanzania, makisio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka, hali vile vilivyoandikwa katika taarifa za serikali vilikuwa vichache sana. Tofauti hiyo si ya ajabu. Afaye nyumbani, miezi mitatu baada ya jeraha lililokwisha pona, nani atakumbuka kuandika ya kuwa alikwaruzwa ghalani?

Lakini safari ile ya polepole ndiyo nafasi yetu. Sindano za chanjo hufundisha mwili kujitengenezea kinga kabla kirusi hakijafika ubongoni. Ni mashindano ya mbio, na mwenye kuanza mapema hushinda. Mtu wa kwanza kujaribu jambo hili kwa mafanikio yaliyojulikana ulimwenguni alikuwa Louis Pasteur wa Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, akasimamia achomwe sindano kumi na tatu kwa muda wa siku kumi hivi. Mtoto aliishi, akawa mtu mzima. Angaliheni ya kuwa hata siku ile ya kwanza kabisa katika historia ya dawa hii, sindano moja haikutosha. Ilimpasa mtoto arudi na kurudi.

Hapa yafaa tuondoe hofu moja ya zamani. Wazee wengi husimulia sindano nyingi za tumboni, zenye maumivu makali, na kwa sababu ya masimulizi hayo wako wazazi waonao heri kungoja. Zilikuwako kweli, zikatengenezwa kwa ubongo na uti wa wanyama. Shirika la Afya Duniani limeziacha, na chanjo itumikayo sasa ni nyingine. Huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo sana, na uchungu wake si zaidi ya sindano nyingine.

Ratiba zake ni zaidi ya moja, na hospitali moja yaweza kufuata hii na nyingine ile. Katika njia moja dawa kidogo huchomwa juu juu ndani ya ngozi, mahali pawili kwa mara moja, siku ya kwanza, ambayo waganga huiita siku ya 0, kisha siku ya 3 na siku ya 7. Katika njia nyingine huchomwa ndani ya nyama, siku ya 0, ya 3, ya 7, na mara ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Mgonjwa hana haja ya kujua ipi ni bora. Ana haja ya kuondoka hospitali akiwa na kadi iliyoandikwa tarehe zake zote. Ikiwa hazikuandikwa, aombe kwa adabu ziandikwe, wala asione ya kuwa anamsumbua mtu.

Palipo na jeraha lililotoboa ngozi, kama la mtoto wetu, mganga hufikiri dawa ya pili, iitwayo imunoglobulini. Hiyo ni kinga iliyokwisha tengenezwa, ambayo huingizwa ndani ya jeraha lenyewe na kando yake, ili ilinde wakati mwili bado wajifunza. Hutolewa mara moja tu, nayo haipatikani kila mahali. Isipokuwapo, chanjo isingojeshwe. Ianze siku ile ile, na dawa hii itafutwe katika hospitali kubwa kabla hazijapita siku saba tangu sindano ya kwanza.

Sasa mwaona ugumu wa mama wa Ilongero. Siku ya 0 hofu yampeleka. Siku ya 3 mtoto acheza, na nauli ya pikipiki au ya basi yatakiwa tena. Siku ya 7 ni wakati wa kupura, na mikono nyumbani haitoshi. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha ya kuwa umbali na gharama ndivyo vilivyowachelewesha watu maskini wa mashambani kupata chanjo hii, na ya kuwa dawa yenyewe mara nyingine ilikosekana walipofika. Hatusemi basi ya kuwa wazazi ni wazembe. Twasema ya kuwa yafaa wapange safari zote siku ile ya kwanza, kama wapangavyo mazishi au harusi: nani atampeleka, nauli itatoka wapi, na nani atabaki na ng'ombe. Yafaa pia wapige simu, au watume mtu aulize, kabla ya kusafiri, kama chanjo ipo. Kwani isipokuwapo Ilongero yaweza kuwapo katika hospitali ya mkoa mjini Singida, na safari moja ya moja kwa moja ni nafuu kuliko mbili za kubahatisha.

Liko jambo moja ambalo huwaudhi watu, na labda wakilielewa hawataudhika. Chupa moja ya chanjo, ikichomwa juu juu ya ngozi, yatosha watu kadha; lakini ikiisha kuchanganywa yapasa iwekwe penye baridi na itumike kwa muda wa saa sita hadi nane tu, kisha itupwe. Kwa hiyo muuguzi aweza kuwaomba wagonjwa wawili walioumwa karibu pamoja wafike saa moja. Hilo si usumbufu, ni namna ya kuifanya dawa chache iwafikie wengi.

Na ikiwa siku imepita? Mto umejaa, au msiba umetokea, na ile siku ya 7 imekuwa siku ya 10. Watu hudhani ya kuwa yote yameharibika, wakakaa nyumbani kwa aibu. La, sivyo. Aende siku hiyo hiyo aliyokumbuka. Mganga ataendelea pale alipoachia, wala hataanza upya. Hata aliyekwaruzwa na paka wa kutiliwa shaka miezi miwili iliyopita, na hakwenda po pote, aende leo. Mwanamke mwenye mimba naye asizuiwe. Chanjo hii haimdhuru yeye wala mtoto aliye tumboni.

Tumrudie paka. Katika mfano wetu alitoka mbio, hajulikani, na kwa hiyo mtoto atamaliza sindano zote. Lakini angalikuwa paka wa nyumbani, anayejulikana, habari ingalikuwa nyingine kidogo. Paka au mbwa ambaye mate yake yana kirusi siku aliyouma, ataugua na kufa kabla ya siku kumi kupita. Kwa hiyo afungiwe mahali penye nafasi, apewe chakula na maji, na aangaliwe siku kumi. Chanjo ya mtoto ianze bila kungoja. Ila paka akiwa bado mzima siku ya kumi, mganga aweza kuzuia sindano zilizobaki, kama zipo. Ndiyo maana twawasihi msimwue. Paka aliyeuawa kwa hasira ni shahidi aliyenyamazishwa, na gharama ya sindano zote itabaki juu yenu. Lakini msimkamate kwa mikono mitupu, wala msiwatume watoto. Akifa mwenyewe, afisa mifugo aarifiwe kabla hajazikwa, kwa maana ubongo wake waweza kupimwa.

Hayo yametosha kwa kichaa cha mbwa. Liko jambo jingine lisilongoja miezi, bali hungoja usiku mmoja tu. Katika vinywa vya paka wengi wazima mna kijidudu kiitwacho Pasteurella, nacho hufanya kazi kwa haraka. Mtoto aliyelala vizuri huamka na kidole kilichovimba, chekundu, cha moto, na chenye kuuma hata kikiguswa na shuka. Kwa sababu hii mganga aliyemwona leo atataka kumwona tena baada ya siku moja au mbili, hata kama si siku ya chanjo. Kidole kikikataa kukunjika, mstari mwekundu ukipanda mkononi, tezi za kwapa zikivimba, au homa ikija, asingoje tarehe ya kadi. Usaha ulio katika kano za mkono huweza kuuacha mkono mgumu maisha yote, na mkono wa mkulima ndio shamba lake. Mara nyingi mganga hutoa amoksilini iliyochanganywa na klavulaniti, tangu siku ya kwanza, hasa ikiwa jeraha ni la mkononi. Vile vidonge vilivyosalia sandukuni tangu mtoto wa jirani alipougua havifai badala yake, kwa kuwa baadhi ya dawa za vidonda vya kawaida hazikiui kijidudu hiki vizuri. Wagonjwa wa kisukari, na watu ambao kinga ya mwili imepungua, wafike upesi kuliko wengine.

Pepopunda pia huulizwa siku hiyo. Tundu jembamba lenye kina, lililofungika juu, ndilo kao ulipendalo ugonjwa huo. Kadi ya kliniki ya mtoto iende pamoja naye, na mama achukue kadi yake mwenyewe ikiwa ndiye aliyeumwa. Pengine itaonekana hana haja ya sindano, pengine moja itatosha.

Natuseme sasa ya kuwa majuma mawili yamepita. Sindano zimekwenda vema, kidole kimepona. Kisha mama, akimwogesha mtoto, aona uvimbe kwapani, kama yai la njiwa, unaouma kidogo. Mkwaruzo waweza kuleta ugonjwa wake peke yake, ambao daktari Robert Debré wa Ufaransa na wenzake waliueleza mwaka 1950. Kijidudu chake huchukuliwa na viroboto wa paka. Mavi ya viroboto hukaa katika kucha zake, na hasa paka wachanga ndio wenye nacho. Kwanza hutokea kipele penye mkwaruzo, kisha baada ya juma moja hadi matatu tezi zilizo karibu huvimba, na huweza kukaa hivyo kwa majuma mengi. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi huisha wenyewe. Mbona basi twautaja? Kwa sababu katika nchi yetu tezi iliyovimba muda mrefu hutiliwa shaka ya kifua kikuu, na shaka hiyo ni ya haki. Kifua kikuu cha tezi kipo na chahitaji dawa ya miezi sita. Mganga atajuaje la kupima kwanza, ikiwa hakuna aliyemkumbusha habari ya paka? Na kinyume chake, mama asiseme "ni paka tu" kwa mara ya pili. Tezi isiyopungua, pamoja na kukonda, jasho la usiku au kikohozi, ipimwe kifua kikuu.

Tena Singida ina kumbukumbu yake. Mkoa huu umo miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizopata kuonekana tauni katika karne iliyopita, kama Lushoto, ambako ilidumu miaka mingi tangu 1980. Tauni ni ugonjwa wa panya na viroboto wao, na paka mwenye kula panya aweza kuupata, akavimba tezi za shingo, akaleta viroboto ndani ya nyumba, au akamwambukiza amshikaye. Hatusemi ya kuwa kila mtoki ni tauni. Twasema hivi: panya wakionekana kufa wenyewe ghalani au uwanjani, na mtu akapata homa kali na mtoki wenye maumivu mengi katika siku saba baada ya kushika paka mgonjwa au panya aliyekufa, hilo si jambo la kungoja kesho. Dawa zake zipo na huponya, zikianza mapema.

Liko kundi moja la watu ambao swali lao si jeraha kabisa, nao ni wanawake wenye mimba. Wengi wamesikia ya kuwa paka huharibu mimba, na wengine wamemfukuza paka wa nyumba kwa ajili hiyo. Msingi wa neno hilo ni kijidudu Toxoplasma, kilichogunduliwa mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux katika mnyama mdogo wa Tunisia aitwaye gundi. Kwa miaka sitini hivi haikujulikana kinavyosafiri, hata karibu na mwaka 1970 ikathibitika ya kuwa hutimiza uzazi wake ndani ya matumbo ya paka na jamaa zake, na kutoka katika kinyesi. Mwanamke akikipata mara ya kwanza akiwa na mimba, chaweza kumfikia mtoto na kumdhuru macho au ubongo. Lakini zingatieni: kinyesi kibichi cha leo hakiambukizi, mayai ya kijidudu hutaka siku moja hadi tano ndipo yawe na nguvu. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari kubwa imeondoka. Kumpapasa paka si njia ya kawaida ya kuambukizwa. Nyama isiyoiva, mchicha usiooshwa, na mikono yenye udongo wa bustani ni hatari zaidi. Mwenye shaka aseme kliniki ya wajawazito, apimwe kama kipimo kipo. Na wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi wasiache kidonge cha kotrimoksazoli walichopewa, kwa maana nacho huwalinda na kijidudu hiki. Wakipata maumivu ya kichwa yasiyokoma, degedege, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, warudi hospitali siku hiyo.

Choa na mapunye tutavitaja kwa neno moja. Paka mwenye mabaka yasiyo na manyoya huwapa watoto, na dawa ya mapunye ya kichwani ni ya kunywa kwa majuma kadha, si ya kupaka tu. Aachaye mapema huyaona tena.

Kuhusu paka wenyewe, chanjo ya kichaa cha mbwa ipo kwa ajili yao pia, nao waweza kuipata wakiwa na umri wa miezi mitatu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, na mara nyingi karibu na siku hiyo maafisa mifugo hufanya kampeni ya chanjo. Watu huleta mbwa kwa kamba, wakamwacha paka darini. Mbebeni katika kikapu chenye kifuniko, au katika gunia jepesi lipitishalo hewa. Kisiwani Pemba, baada ya mbwa kuchanjwa kwa wingi, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016, na kwa kuchanja tena ukaondolewa. Wanyama wakichanjwa, watoto hawatahitaji kadi.

Na ile kadi ya mtoto wetu, sindano ya mwisho ikiisha kuchomwa, isitupwe wala isifanywe kifungio cha chumvi. Iwekwe pamoja na kadi ya kliniki na karatasi nyingine za nyumba. Kwa kuwa mtoto yule akiumwa tena baada ya miaka mitano au kumi, na kadi ikaonekana, jeraha litaoshwa vile vile kwa dakika kumi na tano, lakini imunoglobulini haitahitajika, na sindano zake zitakuwa za siku mbili tu: siku ya 0, na siku ya 3.